Rudi Baada ya Miezi Sita

Amani iwe kwenu, ndugu zangu, ninyi wa hapa Buffalo na ninyi mliosafiri kutoka Kentucky na Ohio. Ndugu anayesimamia ibada amenipa dakika kumi na tano na tayari anaangalia saa, donc, basi, naanza bila kuzunguka. Amina zenu ziwekeni kwanza. Katika ushuhuda huu kuna mahali nilipofanya vibaya, na sitaki mtu aniitikie amina pale.

Wengi mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Kule Louisville mimi ndiye ninayeanzisha wimbo kabla ya maombi. Si kwamba nina sauti tamu. Vijana wenye sauti tamu wapo, lakini wao wanangoja kinanda na mimi singoji. Nilianzisha nyimbo kule milimani kwetu, nikaanzisha kwenye kambi ya wakimbizi, nikaanzisha kwenye mazishi mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Likumbukeni hilo la sauti, tutalirudia.

Jambo la pili si wengi wanalijua. Kambini nilikuwa mhudumu wa zahanati. Sikuwa daktari. Nilikuwa na koti jeupe, meza, daftari, na kabati ambalo mara nyingi lilikuwa na dawa za malaria na vidonge vya maumivu tu. Mwenye malaria nilimpa dawa. Lakini akija mtu mwenye ugonjwa ambao hatuna dawa yake wala mashine yake, na gari la kumpeleka hospitali kubwa halipo, nilikuwa na sentensi moja. Namtazama usoni, namwambia kwa upole, "Rudi baada ya miezi sita, tutaangalia."

Bon. Mliokaa kambini mnaijua maana yake. Ilikuwa njia ya heshima ya kumwambia mtu akafie nyumbani. Yeye anashukuru, anaondoka, na mimi naita anayefuata. Sentensi hiyo nilifundishwa na aliyenitangulia kwenye meza ile, na mimi nikamfundisha aliyenifuata.

Sasa twende Shively, pale Louisville, ninakokaa. Nilikuwa nabeba masanduku kwenye ghala la vifaa vya jikoni. Siku moja sanduku likaniangukia begani. Hospitalini wakanipiga picha ya shingo kuona kama mfupa umevunjika. Mfupa ulikuwa mzima. Lakini picha ilionyesha kitu kingine, ambacho sanduku halikuhusika nacho. Kilikuwa kwenye ile tezi iliyo hapa mbele, chini ya koromeo, yenye mabawa mawili kama kipepeo. Kule kwetu tezi hiyo ikivimba mtu anatembea na rovu, tunaliona tangu mbali. Yangu haikuvimba. Ndani yake kulikuwa na kitu kama punje ya hindi. Walichoma sindano nyembamba, wakachukua kidogo wakapime. Wakaniita. Ilikuwa kansa.

Daktari wa Louisville ni mama mmoja mtulivu. Alinieleza polepole, mkalimani akiwa kwenye simu. Alisema kansa ya aina hii, ikiwa ndogo namna hii na haijatoka nje ya tezi, mara nyingi hukua taratibu sana. Wapo wanaoishi nayo mpaka uzeeni na wakafa kwa jambo lingine. Akasema hakuna haraka ya kukata. Kisha akanitazama usoni, akasema kwa upole, na mkalimani akatafsiri bila kukosea hata neno moja: "Rudi baada ya miezi sita, tutaangalia."

Ndugu zangu, niliitambua. Ile ilikuwa sentensi yangu. Hata upole ulikuwa wangu. Nikamshukuru, nikaondoka, kama walivyokuwa wakifanya wagonjwa wangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilikaa ndani ya gari pale maegeshoni, hofu ikaja kwanza, hasira ikafuata. Nikajiambia, hawa wameona mkimbizi, mjane, mbeba masanduku, wakaona wasipoteze kisu chao kwangu. Maana kambini aliyepata gari la kwenda kukatwa ndiye aliyekuwa na bahati. Kukatwa ilikuwa alama kwamba umehesabiwa kuwa mtu. Kutokukatwa, donc, tulijua ni nini.

Niliificha habari hiyo karibu miezi mitano. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyewahi kuwahubiria wengine methali hiyo nikafunga shati mpaka kifungo cha juu. Nilikonda kwa mawazo tu, kansa yenyewe haikunifanya kitu. Mwisho nikampigia ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, anayekaa mtaa wa Linden, Columbus, kule Ohio. Akasema kwao kuna daktari wa shingo anayekata kila wiki. Nikaacha kazi, nikafunga virago. Sikumwambia yule mama daktari wa Louisville. Simu yake ikaanza kulia nikiwa Columbus. Nikaona ni namba ya Louisville, nikaacha ilie.

Daktari wa Columbus alikuwa mtu mzuri. Msifikiri nimekuja kuwasema wenye visu. Watu wengi humu ndani wako hai kwa sababu ya kisu. Alinieleza kwamba anaweza kutoa nusu ya tezi, au yote ikibidi, na ikitoka yote nitameza kidonge kila asubuhi maisha yangu yote. Akaniambia pia kwamba nyuma ya tezi unapita mshipa wa fahamu unaoongoza sauti. Yeye huulinda sana, lakini kwa watu wachache sauti hukwaruza baada ya opereshoni, na kwa wachache zaidi hairudi. Akaniuliza, "Kazi yako inahitaji sauti?"

Nikamjibu, nabeba masanduku.

Akaniuliza daktari wa kwanza alisema nini. Nikamjibu, walinikataa. Nilikuwa naamini hivyo, na nilikuwa tayari kuitoa sauti yangu kwa ajili ya imani hiyo. Nikatia sahihi. Tukapanga siku.

Habari zikatoka, kama zinavyotoka kwetu. Wamama wa kanisa la kule wakaanza kuja kunisalimu na galoni za maziwa, sombe ya majani ya muhogo na bugali. Desturi yetu ni nzuri, lakini ina kasoro yake: tukisikia kansa tunaanza kuomboleza mtu akiwa bado anatafuna. Mzee mmoja alikaa kwenye kochi akanisifu nusu saa nzima, akasema nilikuwa mtu wa watu. Nilikuwa. Nikamsogezea sahani ya nyama ili mdomo wake upate kazi nyingine.

Siku mbili kabla ya opereshoni, mchana, akaja mama mmoja peke yake. Ni mtu wa makamo, anafanya kazi kiwandani, sikumkumbuka popote. Alikunywa chai yake taratibu, akaniuliza.

"Muzee, banasema batakukata siku ya ine?"

"Ndiyo, mama, Alhamisi."

"Na kule Louisville balikuambia nini?"

Nikamwambia. Rudi baada ya miezi sita, tutaangalia. Nikamweleza na maana yake, kama vile haijui.

Aliweka kikombe chini. "Ile maneno mi naijua," akasema. "Njo ile uliambiaka mama yangu."

Hapa ndipo msiposema amina.

Alinikumbusha. Mama yake alikuwa na uvimbe shingoni. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Koti langu lilikosa kifungo kimoja, na yeye, aliyekuwa msichana wakati huo, alitamani kunishonea. Nilimtazama mama yake usoni nikamwambia sentensi yangu.

"Tulihesabu miezi, muzee. Tulihesabu yote sita. Tukarudi."

"Mulirudi?"

"Tulirudi. Balituambia hauko. Na mi nilikuona ku dirisha."

Ilikuwa kweli. Simkumbuki yeye, lakini dirisha lile nalikumbuka. Wengi hawakurudi, maana walielewa. Lakini mara moja moja alikuja mtu aliyeniamini, na mimi nikimwona dirishani kwenye foleni nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikajificha mpaka aondoke. Mama yake alifariki kabla mvua hazijaanza.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi zaidi. Yeye akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Sasa uyu wa Louisville, alikuandikia siku?"

Nikamwambia kuna kadi. Niliichomeka kwenye Biblia na sikuitazama tena. Akaomba aione. Ilikuwa na siku, saa, namba ya chumba na namba ya simu. Siku yenyewe ilikuwa imeshapita wiki tatu. Akaishika kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho.

"Mama yangu weye haukumuandikia siku," akasema. "Mwenye anakutupa, muzee, haandikake siku."

Kisha akauliza kama daktari yule amewahi kunipigia. Nikamwambia namba inalia, sipokei. Akasema nimpe simu. Kulikuwa na jumbe tano za sauti ambazo sikuwahi kuzisikiliza. Akaubonyeza ujumbe wa kwanza, akaiweka simu mezani kati yetu. Ilikuwa sauti ya mkalimani mwanamke, Kiswahili chake kilikuwa cha Kirundi-Rundi hivi, kimenyooka.

"Habari za leo, mzee. Napiga simu kwa niaba ya daktari wako. Hukufika kwenye kipimo chako. Tunaomba utupigie, tujue kama uko salama."

Wa pili ulikuwa karibu sawa na wa kwanza, na wa tatu pia. Wa tano ulisema, "Daktari anauliza kama kuna jambo hukulielewa, ili akueleze tena."

Nililia mbele ya yule mama. Nawaambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikulia kwa ajili ya kansa. Kambini sikuwahi kumtafuta mgonjwa hata mmoja. Mtasema sikuwa na simu, ni kweli. Lakini nyumba yao, kwa alivyonieleza, ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye meza yangu.

Kisha nikamwuliza jina la mama yake. Kwenye daftari niliandika majina ya waliopata dawa tu. Akanitajia. Nikaliandika nyuma ya ile kadi.

Kesho yake nilimpigia daktari wa Columbus nikamwomba tusimamishe. Hakukasirika. Alisema kansa hii ina jambo moja la heri, inampa mtu muda wa kufikiri. Binti yangu yeye alikasirika. Anakaa hapa West Side, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na habari za ugonjwa wangu alizisikia kwa watu. Alinisema kwa Kiingereza kwenye simu, nikaelewa theluthi moja, na theluthi hiyo ilitosha. Jumamosi akaja na gari akanichukua. Njia nzima hadi Buffalo hakuwasha hata redio.

Daktari wa hapa alinifanyia ekografi, ile picha ya mashine ya kuteleza juu ya ngozi. Punje ilikuwa imeongezeka milimita moja. Akatuketisha mimi na binti yangu akatueleza njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kuiangalia kwa kipimo, tarehe kwa tarehe. Ya pili ni kisu. Ya tatu ni sindano yenye ncha ya moto: inapita kwenye ngozi, inaingia ndani ya punje, inaiunguza pale pale, na tezi inabaki. Hakuipamba. Alisema haimfai kila mtu. Lazima kansa iwe ndogo, iwe moja, iwe ndani ya tezi, isikae karibu mno na mshipa wa sauti wala bomba la hewa. Alisema kisu kimejulikana kwa miaka mingi zaidi kuliko sindano hii, na hata baada ya sindano nitarudi kupimwa, na ikijitokeza tena kisu bado kipo.

Kusikia kuchoma nilishika ubavu. Wazee wenzangu mnacheka, mnajua. Kule milimani mtoto akiugua tumbo alichomwa na chuma cha moto, na mimi ninazo alama mbili ubavuni mpaka leo. Tumbo halikupona, lakini niliacha kulalamika.

Nikamwambia binti yangu amwulize daktari, yeye angechagua ipi.

"Papa, anasema shingo ni yako."

Safari hii nilimweleza habari ya sauti. Nikamwambia kazi yangu ni masanduku, lakini mimi ni mtu wa kuanzisha wimbo. Daktari aliandika hilo kwenye karatasi zake, nikamwona akiandika. Angenishauri kuendelea kungoja ningeweza, sasa nilikuwa najua kungoja maana yake nini. Lakini mnanijua, mimi singoji kinanda. Nikachagua sindano.

Sikulazwa usingizi. Walinilaza chali, mto chini ya mabega, wakanitia dawa ya ganzi. Kisha wakaingiza maji kuzunguka tezi, ili moto usifike kwenye mshipa wa sauti. Nilisikia joto linapanda hadi sikioni, na sauti ndogo ya kupasuka, kama mafuta kwenye kikaango. Maumivu yalikuwepo, ya kuvumilika. Kila baada ya muda kidogo daktari alisimama na mkalimani akaniambia, "Mzee, sema kitu." Walitaka kusikia kama sauti bado iko.

Mara ya kwanza nilitaja jina langu. Mara ya pili alipoomba, nikataja jina la mama wa yule mama wa Linden. Mara ya tatu nikalitaja tena. Daktari akauliza huyo ni nani.

Nikasema, "Ni mgonjwa wangu."

Haikufika saa moja. Nilirudi nyumbani siku ile ile na plasta ndogo shingoni, nikala uji wa binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuniongelesha Kiswahili tena. Shingo iliniuma siku kadhaa. Picha ya mwisho imeonyesha punje imesinyaa, limebaki kovu. Sisemi nimepona kabisa. Daktari hajasema, na mimi nimeshasema vya kutosha maishani nikiwa na koti jeupe.

Nilimpigia na yule mama daktari wa Louisville. Nikamwambia mkalimani amweleze neno kwa neno: nilidhani umenitupa. Daktari akaniuliza angesemaje, ili mtu mwingine wa kwetu asikimbie. Mimi, mbeba masanduku, naulizwa na daktari. Nikamwambia, siku iandike mwenyewe, mgonjwa akiwa anaangalia mkono wako. Halafu mwambie, usipokuja nitakutafuta.

Nawashukuru wale madaktari watatu, na wakalimani, ambao hakuna anayewakumbuka. Namshukuru ndugu yangu wa Linden kwa kitanda, wamama kwa maziwa, na binti yangu kwa hasira yake. Namshukuru Mungu, aliyeniacha nisikie sentensi yangu ikisemwa na mtu anayeimaanisha. Mtu akikuambia rudi, ndugu zangu, usikimbie kwanza. Muulize siku. Na wewe ukimwambia mtu rudi, mwandikie, halafu uwepo.

Yule mama amekaa humu ndani. Aliniruhusu niseme haya mradi nisimtaje, na atakasirika mkigeuza vichwa, donc niangalieni mimi. Sijamwomba anisamehe kwa mdomo mpaka leo. Nilimwuliza jambo moja tu, wimbo gani mama yake aliupenda. Maana niliwaambia nimeanzisha nyimbo kwenye mazishi mengi. Ananiambia kwenye mazishi ya mama yake niliitwa, na sikwenda.

Dakika zangu zimekwisha, naona. Kadi yangu ya kurudi hii hapa, siku imeandikwa. Sauti nayo ipo. Simameni, tumwimbie mgonjwa wangu wimbo wake. Msingoje kinanda.